Yadi imetuahidi gari

SWALI: Shikamoo Bibi. Yadi moja ya magari imeahidi kituo chetu cha mayatima hapa Likoni Toyota HiAce, mradi jina lao liandikwe ubavuni. Tukubali?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kubalini, jina ubavuni halimdhuru mtoto. Ninachohofia ni gari kubaki kwa jina la yadi: wakifilisika, litauzwa pamoja na mali yao. Kabla ya kupiga picha na funguo, umiliki uhamishwe NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani Kenya) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa jina la kituo, si la mwenyekiti! Tena ombeni bima ya mwaka wa kwanza. Gari lililojaa watoto, kila siku feri na foleni, hula breki haraka. Yadi ina mafundi wake. Waombeni sevisi ya bure, na iandikwe kwenye barua.