Je, tamthilia ya televisheni ya umma ifundishe maadili?

Mwenzetu ameuliza kama tamthilia inayogharimiwa na fedha za umma inapaswa kuwafundisha watazamaji maadili. Nimeandika miswada ya aina hiyo kwa miaka kadhaa, na kwa maoni yangu kazi yake ni kumtia mtazamaji ndani ya swali la maadili. Ikishaanza kumjibia, afadhali ingekuwa hotuba.

Shirika la utangazaji la umma la Denmark, DR, linajulikana kwa kanuni inayomtaka mwandishi asimulie hadithi mbili kwa pamoja: ya matukio, inayomfanya mtu asubiri sehemu inayofuata, na nyingine chini yake, inayogusa maadili na jamii. Katika Borgen, tamthilia ya DR kuhusu siasa iliyoanza kurushwa mwaka 2010, juu kuna mwanamke anayekuwa waziri mkuu, na chini kuna swali la kama mtu anaweza kushika madaraka akabaki vile alivyokuwa. Swali hilo huonekana kila anapochagua jambo moja na kupoteza jingine.

Mimi nilichelewa kulielewa hilo. Katika muswada wangu mmoja, muuguzi aligundua kwamba daktari anayemheshimu ameficha kosa lililomdhuru mgonjwa. Nilimwandikia muuguzi maneno ya kurasa mbili kuhusu ukweli, nikajiona nimetimiza wajibu. Mhariri wa miswada alipoyasoma aliniuliza: daktari ana hoja gani? Sikuwa nimempa hata moja. Nilipoandika upya, daktari alieleza kwamba hospitali ile haina mpasuaji mwingine, na kwamba akisimamishwa kazi, wagonjwa walio kwenye foleni watakosa tiba. Kurasa mbili zikabaki sentensi mbili, na muuguzi sasa akawa na jambo gumu la kuamua. (Ninakiri kwamba zile kurasa bado ninazo.)

Lisilozungumzwa sana ni deni letu kwa watu wanaotusimulia maisha yao. Niliwahi kubadili jina, umri na kazi ya mama mmoja aliyenieleza jinsi alivyofukuzwa katika nyumba yake, nikaamini nimemficha vya kutosha. Akajitambua kwa namna mhusika alivyoikunja barua mara nne na kuiweka ndani ya kiatu. Tangu hapo humsomea msimulizi kurasa zinazomhusu kabla hazijapigwa picha, na asiporidhia naziondoa, hata mtayarishaji akinung'unika. Onyesho la barua lilikuwa limekwisha kurushwa.