Jibu: Maziwa si sumu, mbona samaki wanakufa?

Ndugu, umeuliza kwa nini samaki wanakufa mtoni ilhali kiwanda cha maziwa kinamwaga maji ya kuoshea matangi tu. Samaki hao hawalishwi sumu, wanakosa pumzi.

Maji safi yenye nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 tu za oksijeni kwa lita. Akiba yenyewe ndiyo hiyo. Sukari, mafuta na protini za maziwa zikiingia, bakteria huzivamia kwa pupa na kuimaliza oksijeni ileile wanayoitegemea samaki. Linganisha: maji taka ya majumbani mara nyingi hudai miligramu 200 hadi 300 za oksijeni kwa lita, yaani kiasi ambacho bakteria hukitumia katika kipimo cha siku 5. Maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini yanaweza kudai zaidi ya 30,000!

Halafu usipime oksijeni pale penye bomba la kiwanda ukaridhika. Bakteria wanahitaji muda, kwa hiyo oksijeni huendelea kushuka kadiri maji yanavyoteremka, na pabaya kabisa panaweza kuwa mbali na kiwanda. Mimi ningepima alfajiri, upande wa juu wa mto kabla ya bomba na upande wa chini baada yake, kwa sababu usiku mimea nayo huvuta oksijeni bila kuirudisha.

Naitrojeni na fosforasi zilizomo kwenye maji hayo ni kesi nyingine: hurutubisha mwani, hasa maji yakiishia ziwani.

Na hilo la "maji ya kuoshea tu" lina walakini. Matangi ya maziwa kwa kawaida huoshwa kwa magadi makali na asidi. Waulize wanayachuja maji hayo na kuusawazisha ukali wake wapi kabla ya kuyaachia.