Usitume kitambulisho chako

Dada wa Kondele, umeuliza kama upige picha kitambulisho chako ndipo kijana wako wa miaka 13 apite ukaguzi wa umri kwenye mchezo wa simu. Mimi ningekataa. Ukituma chako, mfumo unamhesabu yeye ndiye mtu mzima, na ule ulinzi wa watoto unaoutafuta unazimika hapo hapo.

Halafu kuna suala la ile picha itakaa wapi. Mwaka 2025 Discord, programu ya kuchati inayotumiwa sana na wachezaji wa michezo ya simu na kompyuta, ilisema picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zilivuja kupitia kampuni ya nje iliyokuwa ikiwahudumia, na ni picha ambazo watu walituma kwa ajili ya mambo ya umri. Sasa kumbuka kitambulisho chetu ndicho kinachosajili laini, na laini ndiyo M-Pesa. Piga hesabu mwenyewe.

Sheria yetu ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi atoe idhini data ya mtoto itumike, na umri ukaguliwe, sawa, lakini haikusema lazima iwe kwa kitambulisho.

Wa kwangu hapa Nakuru nimemwekea Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Programu mpya haiingii mpaka nikubali. Ananuna, lakini ugali anakula. Kama simu ni moja mnagawana, weka namba ya siri kwenye Play Store. Isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, huo ameshaujua.