Changamoto haiboreshwi: kuchagua kitenzi unapoandika juu ya mambo kuwa mazuri

Fungua taarifa yoyote ya mradi, tangazo la kozi au hotuba ya ufunguzi: boresha imejaa kila mahali. Huduma zinaboreshwa, barabara zinaboreshwa, na siku hizi hata changamoto zinaboreshwa. Hiyo ya mwisho inaumiza sikio, kwa sababu inasema kinyume kabisa cha alichokusudia mwandishi.

Boresha imetoka kwenye bora. Kuboresha kitu ni kukifanya kiwe bora, kwa hiyo ni lazima kitu chenyewe kiwe cha kutakikana: elimu, mavuno, makazi, lishe. Changamoto ikiboreshwa inakuwa changamoto ya kiwango cha juu. Umaskini, foleni, mgao wa umeme na utapiamlo hupunguzwa, hudhibitiwa au hutokomezwa, tatizo hutatuliwa. Kipimo ni chepesi: weka neno bora baada ya nomino yako. "Lishe bora" inakubali. "Utapiamlo bora" inakataa, basi tafuta kitenzi kingine.

Kwa umbo lake, shina lina o, ndiyo maana mwisho ni -esha, kama chekesha na somesha. Imara, safi na rahisi zinatoa imarisha, safisha na rahisisha. Wanaoandika "kubolesha" wanafuata matamshi ya kwao. Kwenye maandishi ni r.

Kosa linalowapita hata wahariri liko kati ya boreka na boreshwa. "Huduma zimeboreka" inaeleza hali tu, bila kumtaja aliyefanya. Ukitaka kumtaja, andika "zimeboreshwa na halmashauri". "Zimeboreka na halmashauri" haiwezekani, kama vile husemi "kikombe kimevunjika na mtoto". Na ukiwaandikia vijana wa Nairobi, kumbuka kwamba "nimeboeka" kwao ni kuchoshwa na jambo. Herufi moja tu inatenganisha maneno hayo, basi "imeboreka" isomwe mara mbili kabla ya kuchapishwa.

Kwenye mikataba na barua, tofauti ya boresha na rekebisha ina uzito. Rekebisha inakiri kwamba palikuwa na kasoro. Ukimwandikia mteja "tumeboresha ankara yako" wakati jumla ilikosewa, atahisi unamficha jambo. Andika "tumerekebisha ankara", kisha taja kilichokosewa. Sahihisha ni ya makosa yanayohesabika: mtihani, insha, tarehe, jina lililoandikwa vibaya. Karabati inataka uchakavu: MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, hukarabatiwa, na nyumba ya urithi vivyo hivyo. Tengeneza ni ya kila siku, ila ina maana mbili, kuunda na kurudisha kilichoharibika. "Anatengeneza redio" haituambii kama ni fundi au ni kiwanda. Imarisha ni nguvu: ulinzi, msingi wa nyumba, ushirikiano. Shilingi huimarika, sijaona mtu wa benki akisema shilingi imeboreka.

Kwenye simu, programu husasishwa, neno lililozaliwa na sasa, na ni zuri kwa kitu kinachopitwa na wakati. Wengine husema "kuhuisha". Tanzania ina upekee wake: uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura unajumuisha kuandikisha wapya, kurekebisha taarifa na kuwaondoa waliofariki. Ni msamiati wa kazi hiyo, na ukiandika juu ya daftari hilo uutumie hivyo hivyo.

Chukua sentensi hii ya kawaida ya maofisini: "Maboresho yamefanyika ili kuboresha changamoto za maji na kuboresha maisha ya wananchi." Bor- imo mara tatu, na msomaji hajui kilichofanyika. Kwanza futa "maboresho yamefanyika" na uulize nani alifanya nini. Pili, changamoto ipe kitenzi chake. Tatu, "maisha" yageuze kuwa kitu kinachoonekana. Ikiwa ukweli ni visima viwili, andika: "Kijiji kimechimba visima viwili, na akina mama hawafuati tena maji mtoni." Boresha imetoweka yote, na uzuri wa jambo umeonekana wenyewe.

Kwa watu na afya, boresha iweke pembeni. Mgonjwa haboreki. Ukiulizwa "Vipi mgonjwa?", jibu ni "leo hajambo kidogo", "afadhali ya jana", "amepata nafuu" au "amepata ahueni". Kupona ni mwisho wa safari, na kuiwahisha "amepona" kwa mtu aliye bado kitandani huwafanya ndugu waache kuja kumwona. Mtoto aliyerudisha mwili amenawiri, na mahindi yaliyopata mvua hunawiri na kustawi pia. Hali iliyotulia baada ya misukosuko imetengemaa.

Tabia ndiyo yenye mitego. "Mume wangu amebadilika", ikisemwa hivyo bila nyongeza, ni malalamiko, na msikilizaji ataanza kumpa pole. Ukimaanisha heri, malizia: "amebadilika, siku hizi ametulia", au sema "amejirekebisha". "Ameongoka" ibaki kwa mambo ya dini na kuacha maovu. Ukimwambia hivyo mfanyakazi aliyeanza kuwahi kazini, unamwita mwenye dhambi. Nyoosha nayo ina pande mbili. "Mambo yamenyooka" ni habari njema, lakini "tutamnyoosha" ni kitisho. Mwalimu anayemwandikia mzazi kuhusu mtoto msumbufu na aandike "tutamsaidia ajirekebishe".