Sheria Kwetu Kusini: Vumbi la makaa mpaka kwenye simtanki

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni mama mwenye wajukuu, naishi Mtwara mjini. Mtaa nimewaandikia, lakini naomba msiutaje. Nyuma ya nyumba yetu kuna yadi inayomwagwa makaa ya mawe kutoka Ruvuma kabla hayajaenda bandarini. Kusi likivuma, nguo nyeupe sianiki. Maji ya mvua tunayokinga kwenye simtanki yana utando mweusi, na wajukuu wanakohoa. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akatujibu kuwa maendeleo hayaji bila vumbi. Mkwe wangu naye anafanya kibarua humo humo yadini. Ananiambia, "Mama, ukishtaki utatufungia riziki." Halafu mpwa wangu amenirushia WhatsApp video ya Marekani, tope la majivu ya makaa limefunika nyumba za watu. Je, ndiyo yanayotungoja? Na mahakamani naweza kwenda, au nitapoteza nauli tu?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na video, maana imekutisha bure na inaweza kukuharibia kesi.

Kwa ulivyoieleza, nadhani ni ya Kingston, jimbo la Tennessee. Usiku wa manane, tarehe 22 Desemba 2008, ukuta wa bwawa la majivu la mtambo wa umeme ulipasuka, na tope la zaidi ya mita za ujazo milioni 4 likamwagika. Yale yalikuwa majivu, yaani yanayobaki makaa yakishaungua, na humo sumu kama arseniki na madini ya risasi huwa zimejikusanya kuliko kwenye makaa mabichi. Yadi ya nyuma kwako haichomi kitu. Umeme wetu Mtwara ni wa gesi ya Mnazi Bay, na kiwanda cha saruji kinachochoma makaa, majivu yake mengi huishia ndani ya saruji yenyewe. Shida yako wewe ni vumbi. Ukiandika "majivu" kwenye malalamiko, wenye yadi watajibu kuwa hawana majivu, watakuwa wamesema kweli, na barua yako itafia hapo.

Vumbi nalo si la kudharau. Lile unaloliona kwenye kanga ndilo kubwa. Lililo laini zaidi hulioni, na ndilo linaloshuka mapafuni.

Hata hivyo, Wamarekani wana jambo moja la kutufaa. Mwaka 2015 serikali yao ilitoa kanuni iliyozilazimisha kampuni kupima maji ya ardhini jirani na mabwawa ya majivu na kuyaweka majibu hadharani. Wanaharakati wa sheria wakakaa chini wakazisoma takwimu hizo za kampuni zenyewe, na mwaka 2019 wakaonesha kuwa karibu mitambo yote iliyopimwa ilikuwa na maji yaliyochafuka. Kule North Carolina kesi na mapatano yakafuata, kampuni ya umeme ikakubali kufukua karibu tani milioni 80 za majivu. Ushahidi mkubwa ulitoka kwenye makaratasi ya mshtakiwa.

Ndiyo maana nasema na wewe anza na karatasi yao. Mradi wa namna hiyo hautakiwi kuanza bila Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na cheti chake hutolewa na masharti. Humo ndimo mara nyingi utakuta mambo kama kufunika malundo kwa turubai, kumwagia maji, kuosha matairi ya malori kabla hayajatoka, kuweka uzio. Andika barua NEMC, yaani Baraza la Taifa la mazingira, ofisi ya Kanda ya Kusini iko hapo hapo Mtwara, uombe nakala ya masharti ya yadi hiyo. Taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa ofisa siku 30 za kukujibu. Wakikuletea masharti, mazungumzo yote yanabadilika. Humwambii tena mtu kwamba vumbi linakukera. Unamwambia sharti namba fulani linasema turubai, na turubai halipo. Ikionekana cheti hakipo kabisa, hapo ndipo penye moto zaidi.

Wakati barua inasubiri majibu, tunza daftari. Hapa ninasisitiza, maana mashauri mengi ya huku kwetu hufa kwa kukosa daftari. Andika tarehe, saa, upepo ni kusi au kaskazi, lundo lilifunikwa au la, lori lilikuwa likishusha au hapana. Chukua kitambaa cheupe, futa meza ya barazani asubuhi, kiweke kwenye mfuko wa plastiki wenye tarehe. Piga picha maji ya simtanki kabla hujachuja. Mtoto akienda zahanati, omba cheti na ukihifadhi. Na jambo ambalo mtu wa Dar hawezi kulifikiria: kuanzia Juni watu wanapulizia mikorosho salfa, na vifua vinabana wilaya nzima. Wakili wa yadi, akiwa na akili, atasema wajukuu wako wanakohoa salfa. Kwa hiyo daftari lianze kabla ya msimu wa kupulizia na liendelee baada yake. Salfa haipulizwi Machi.

Kisha malalamiko yenyewe. Mpe mtendaji wa mtaa, nakala kwa ofisa mazingira wa manispaa na NEMC. Usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa. Mwenyekiti anaweza kukujibu kwa methali yake ya maendeleo, lakini muhuri haujibiwi kwa methali. Saini ziwe nyingi, za watu wanaoishi hapo kweli.

Sasa mahakama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinakuruhusu kushtaki ili uchafuzi uzuiwe, shughuli ikaguliwe, mazingira yarudishwe au ulipwe fidia. Kama mwenye yadi ni mtu binafsi, njia ni fupi. Kama ni chombo cha umma, lazima kwanza umpe notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Kwa njia ya Katiba, marekebisho ya 2020 yaliweka sharti la kuapa jinsi wewe mwenyewe ulivyoathirika. Kwako si tabu, simtanki ni lako. Kama fedha ya wakili hakuna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili hiyo, ulizia wasaidizi wa kisheria manispaa.

Wengine wamewahi kushinda. Wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya dampo mwaka 1988, wakashinda. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda wa kumwaga taka. Jaji Lugakingira akakataa, akashangaa mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua, akashika haki ya kuishi iliyo ibara ya 14 ya Katiba. Lakini sikiliza kilichofuata: taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wa Mtongani nao wakashtaki wakashinda, zikaenda Vingunguti.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao baadhi ya mawakili wenzangu hawaupendi, ni usiombe yadi ihamishwe. Omba ifunikwe, imwagiliwe, isishushe mzigo upepo ukiwa mkali. Ukiomba ihame utampelekea vumbi bibi mwingine, na mkwe wako atakosa kazi kweli. Msomee hii aya.

SWALI: Mimi ni kibarua, napakia makaa. Msimamizi anasema barakoa tukanunue wenyewe. Ni halali?

JIBU: Hapana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na hapaswi kukukata hela yake. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii vumbi laini. Pelekeni malalamiko OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, mkiwa kundi ili asionekane mmoja. Kifua kikikushinda, mwambie daktari unafanya kazi kwenye makaa na aliandike hilo, maana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipia pia magonjwa yatokanayo na kazi, na utahitaji karatasi hiyo.