Lishe tiba: chunguza kozi kabla ya kulipa ada

Ndugu, umeuliza kama shahada yoyote ya lishe itakuwezesha kuhudumia wagonjwa hospitalini. Si yoyote. Sayansi ya chakula hukuandaa zaidi kwa kiwanda na maabara. Kozi ya lishe tiba, yaani lishe ya kuhudumia wagonjwa, lazima iwe na mafunzo ya vitendo wodini chini ya msimamizi. Liulize kwanza baraza linalosajili wataalamu wa lishe kama linaitambua kozi hiyo. Wengi huuliza wakishahitimu, na hapo kurekebisha ni ghali.

Imarisha kemia na baiolojia mapema, maana biokemia (kemia ya mwili) na fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi) ndizo huangusha wanafunzi. Hesabu zenyewe ni nyepesi: mgonjwa wa kilo 60 akikadiriwa kilokalori (kipimo cha nishati ya chakula) 25 hadi 30 kwa kila kilo, anahitaji 1,500 hadi 1,800 kwa siku. Kazi ni kujua lini usizitumie. Aliyekaa siku nyingi bila kula ukimpa kiwango chote mara moja, fosfati, madini muhimu kwenye damu, yaweza kushuka ghafla na kuhatarisha moyo. Chakula huanzishwa kidogo kidogo, huku damu ikipimwa.

Jizoeze pia kumhoji mtu alichokula saa 24 zilizopita, kwa kijiko, kikombe na bakuli. Mafuta ya kupikia na vinywaji husahaulika sana. Viulizie kimoja kimoja.