Kuacha ARV wakati wa mavuno

Dada, umeuliza kama mdogo wako anaweza kuacha vidonge Mbeya akienda Makete kuvuna viazi wiki tatu, kwa kuwa virusi vyake vya UKIMWI "havionekani" kwenye kipimo. Asiache.

Kidonge chake cha ARV, TLD, kina dawa tatu. Tenofovir na lamivudini hukatiza virusi vinapojinakili. Dolutegravir huvizuia kujipachika kwenye vinasaba vya seli. Hakuna hata moja inayovifikia vilivyolala ndani ya seli, kwa hiyo dawa ikipungua mwilini vinaanza tena kuzaliana. Navyo hujinakili ovyo, vikikosea mara kwa mara. Badiliko moja tu la kinasaba linatosha kuvifanya sugu kwa lamivudini. Kumeza kwa kurukaruka ni kubaya hasa: dawa iliyobaki haitoshi kuvizuia vyote, ila inatosha kuviondoa vilivyo dhaifu na kuviachia uwanja vile sugu.

Apite CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) kabla ya safari, aombe dawa za kutosha, na abebe kadi yake. Akisahau dozi, ameze anapokumbuka. Ila ikiwa zimebaki chini ya saa 4 kufikia dozi inayofuata, asubiri hiyo. Asimeze viwili pamoja. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hunasa dolutegravir tumboni. TLD imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye.

Kipimo cha wingi wa virusi kikifika nakala 1,000 kwa mililita ya damu, asikimbilie kudai dawa mpya. Kwanza hupewa ushauri wa umezaji, kisha kipimo hurudiwa baada ya miezi 3.